Masika Tuliyoliua Dimbwi

Jumatatu, 4 Machi

Nimewaagiza wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili kila mmoja awe na daftari la masika. Achague mahali pamoja penye viumbe, apatazame mpaka mvua zikatike, aandike anachokiona, si anachokidhani. Usama, yule asiyeweza kunyamaza, akauliza, "Na wewe madam utaandika?" Darasa zima likacheka. Basi, naandika.

Mahali pangu ni Dimbwi la Mikangaga, hapa nyuma ya nyumba yetu, Boko. Zamani watu walichimba kokoto, wakaondoka, shimo likajaa maji. Mikangaga ikaota, viumbe wakaja bila kualikwa. Salsabil naye amepachagua hapo hapo. Ni binti wa jirani yangu Nasser, mwenye duka la vifaa vya magari na matairi pale barabarani. Akitoka shule anapita dimbwini, kisha anakaa barazani kwangu, katikati ya maua yangu, anaandika kuanzia saa kumi mpaka kwao wamwite. Leo ameandika: vyura wa aina tatu, kereng'ende wekundu na wa buluu, perege wengi, yangeyange wanne, mdiria mmoja.

Mie nilichokiona ni karatasi kwenye nguzo ya umeme. Ferdinand, mwenyekiti wetu wa mtaa, anaitisha mkutano Jumapili: "Kutokomeza mazalia ya mbu katika dimbwi." Nimeisoma mara mbili, damu ikanichemka.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Nimemwambia mume wangu, Revelian, kwamba nitasema mkutanoni. Akasema, "Najua. Ila useme taratibu, Atuganile." Kana kwamba mie huwa sisemi taratibu.

Jumapili, 10 Machi

Mkutano. Turubai lilikuwa dogo kuliko watu. Ferdinand akasimama na kipaza sauti ambacho hakuna aliyekihitaji. "Ndugu wananchi, mwaka jana homa ya dengue iliondoka na wenzetu wawili hapa mtaani. Mwaka huu hatukubali. Dawa ipo, kijana wetu Mashaka ana bomba la kupulizia. Tunamwaga dimbwini, mbu kwisha habari yake."

Makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mbu wa dengue hazai kwenye dimbwi. Yeye anataka maji yaliyotuama ndani ya vyombo, kwenye ndoo, makopo, matairi, na anauma mchana watu wakiwa macho. Wa dimbwini ni mbu wengine, na wana askari wao. Perege wanakula viluwiluwi vyao, watoto wa kereng'ende wanaoishi majini wanavila pia, na chura anamdaka anayeruka. "Mkimwaga sumu," nikasema, "mtaua mwizi na askari siku moja. Mwizi atarudi kabla ya mwezi kwisha. Askari atachukua mwaka, akirudi."

Watu wakawa wanatazamana. Nadhani walikuwa wanaanza kunielewa. Ndipo Nasser aliposimama, kanzu nyeupe, akainua mikono yote miwili.

"Mwalimu, hapa tunazungumza habari za watu, wewe unatuletea vyura. Mie nimemzika dada yangu Wafa. Nimemshusha kaburini kwa mikono yangu hii."

Hapo ndipo ningekaa chini. Nilikuwa nimemaliza niliyokuwa nayo ya maana. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikasema, "Basi nenda ukaangalie matairi yaliyorundikana nyuma ya duka lako."

Nasser akapiga hatua mbele.

"Unanambia mie ndiye niliyemuua Wafa?"

"Nimesema ukaangalie matairi."

Ferdinand akapigisha kura. Mikono iliyopinga ilikuwa miwili, wangu na wa Revelian, na wa Revelian uliishia usawa wa sikio, kama mtu anayeagiza chai.

Njiani hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nasema na hapa naandika: sikukosea hata neno moja.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza, na mvua kubwa ya kwanza. Nasser amenipita getini bila salamu. Miaka kumi na moja ya ujirani. Vizuri.

Jumamosi, 16 Machi

Wamemwaga dawa.

Saa mbili asubuhi Mashaka alifika na bomba mgongoni, na madumu mawili. Nikamwuliza hiyo ni dawa gani. "Ya shambani, sista, kali kweli." Lebo ilikuwa imebanduliwa. Kipimo je? "Nimekadiria kwa macho." Alipomaliza, wakaja vijana wa gereji ya pale barabarani, wateja wa Nasser, na oili chafu, wakaimwaga juu ili mbu wakose pumzi. Ferdinand alisimama kando akipigwa picha.

Saa nne perege walikuwa juu, midomo wazi. Vyura walipanda ukingoni mmoja mmoja, wakatulia kama waliochoka, kisha wakageuka chali. Sijawahi kuona chura akifa pole pole namna ile. Na yangeyange, maskini, walidhani ni karamu. Walitua wanne wote, wakala.

Kisha wakaja watu na mabeseni. Rukaiya, anayekaanga samaki pale njia panda, alishajaza lake nusu. Nikampigia kelele, "Acha! Hao wamekufa kwa sumu!"

"Kwani wa soko la Feri wanakufa kwa nini, mwalimu? Kwa uzee?"

Watu wakaangua kicheko. Nikalipiga beseni teke. Samaki wakamwagika matopeni, Rukaiya akanivuta mtandio, nami nikamshika mkono, watu wazima wawili tukaburutana mbele ya watoto ninaowafundisha. Ferdinand akawa anapaza sauti, "Mwalimu analeta fujo! Mwiteni mgambo!"

Salsabil ndiye aliyetuachanisha. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka, daftari lake limelowa. Akamwamkia Rukaiya, "Shikamoo mama," kama vile hapakuwa na ugomvi. Kisha akasema, "Mimi nawahesabugi hawa kila siku. Jana walikuwa hai wote. Leo wamekufa wote, kwa asubuhi moja. Usiwakaange, mama. Watu watakwenda kufuturu nao."

Rukaiya akamtazama, akaangalia mikono yake inayonuka dawa, akaliokota beseni tupu na kwenda zake. Mie nilikuwa nimefokewa na kuchekwa. Mtoto alizungumza maneno machache tu akasikilizwa.

Nasser alifika mwisho, amejiziba pua na leso. Akamwona binti yake amezama matopeni mpaka magotini.

"Salsabil. Nyumbani."

"Baba, umeona?"

Akageuka kuondoka. Lakini aliona. Nilimtazama usoni, aliona.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hakuna chura hata mmoja aliyelia.

Alhamisi, 21 Machi

Salsabil ameleta habari shuleni kwamba yangeyange wawili wamekutwa wamekufa penye mikangaga. Nikaacha somo lililopangwa. Serikali inataka baiolojia ifundishwe kwa Kiingereza, leo nimefundisha kwa Kiswahili na mkaguzi aje tu.

Nikachora ubaoni jua, chini yake mikangaga na majani ya majini yanayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kisha wanaokula majani, kisha wanaokula hao, mpaka yangeyange juu, na chini kabisa vile vijidudu vinavyoozesha kila mfu na kumrudisha udongoni awe chakula cha mikangaga tena. Nikaunganisha kwa mistari nani anamla nani, ubao ukawa kama wavu. Nikachukua kifutio. Nikafuta perege. Nikafuta chura. Kereng'ende. Yangeyange.

"Nani amebaki?"

Usama akanyoosha mkono. "Lakini madam, na mbu si wamekufa? Kwetu siku tano hizi hatujaumwa."

Na ni kweli. Huko mtaani Ferdinand anaamkiwa kama bwana harusi. Kwa siku tano mwongo ni mie.

"Mbu anahitaji siku kumi tu kutoka yai mpaka kuruka," nikamwambia. "Chura anahitaji miezi kadhaa awe mkubwa, na perege hana mabawa ya kumleta hapa. Subirini."

Nimejiona ninavyosema "subirini". Nilikuwa natamani wawaume. Watu wa mtaa wangu mwenyewe, natamani waumwe na mbu ili nionekane nina haki.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Mvua imesomba oili, maji yamekuwa ya kijani mazito. Daftari la Salsabil leo lina mstari mmoja: "Viluwiluwi vya mbu, havihesabiki. Wa kuvila, hakuna."

Jumatano, 3 Aprili

Mbu wamejaa kila mahali. Wanaingia chaini, wanaingia masikioni. Watu wanachoma vifuu vya nazi mpaka mtaa unafuka kama tanuri. Ferdinand anasema dawa ilikuwa kidogo, ataleta ya pili iliyo kali zaidi. Nilimcheka mbele za watu, kicheko kirefu. Hakikunipa raha niliyoitarajia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Bahiya, mke wa Nasser, amemtuma Salsabil na sinia la pilau na vileja, kama kila mwaka. Nilitaka kulirudisha. Revelian alishakula vileja vinne kabla sijamaliza kukasirika. "Ugomvi ni wako na Nasser," akasema, "mie na Bahiya hatujagombana."

Jumatano, 17 Aprili

Salsabil hakuja shule. Wala barazani.

Ijumaa, 19 Aprili

Bahiya alikuja asubuhi na mapema, akasimama nje ya geti, hakutaka kuingia. Homa siku ya tatu, kichwa, macho yanauma kwa ndani, mifupa. Jana fizi zimeanza kutoka damu. Wamemlaza. Dengue.

"Nasser hali wala hasemi," akasema. "Tangu Wafa anaogopa jambo hili hili moja."

Nilivaa, nikaenda. Nasser alikuwa kwenye benchi la wodini. Aliponiona akasema kabla sijafungua mdomo, "Usinambie neno, mwalimu. Wallahi, leo usinambie neno."

Nikakaa mwisho wa benchi. Saa mbili nzima. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya kweli na hata moja halikuwa na kazi. Daktari akatoka akasema chembe zinazogandisha damu zinaendelea kushuka, tusubiri.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nitaandika yote, hata nisiyoyapenda.

Bahiya alirudi kuchukua nguo za mtoto, akanikuta getini. "Mwalimu, yale ya matairi. Nionyeshe."

Tukaenda nyuma ya duka. Matairi labda themanini, yamepangwa mpaka usawa wa kichwa. Nikaliinamisha la kwanza kwenye mwanga. Maji masafi, na ndani yake viluwiluwi, vinajipinda na kupinduka. La pili hivyo hivyo. La tatu. Bahiya alikunja mikono ya baibui lake, akachukua kikombe, akaanza kuchota na kumwaga kwenye udongo mkavu chini ya bati. Tulifanya hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Ndani ya moyo nilikuwa naimba: nilisema, nilisema, nilisema.

Ndipo akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na kwako umeshaangalia?"

Nikamwambia twende. Nilitembea mbele, kichwa juu.

Maua yangu ya barazani yako kumi na sita, kila chungu kimekaa kwenye kisahani. Bahiya akainua cha kwanza. Sikuamini. Nikainua cha pili mwenyewe. Nikainua vyote. Kumi na kimoja vilikuwa na viluwiluwi. Nikakimbilia tangi la maji ya mvua, mfuniko wake ulipasuka tangu Desemba na nilikuwa nimeufunika kwa kipande cha kanga. Kanga ilikuwa imezama. Ndani, viluwiluwi.

Mie. Miaka kumi na tisa nafundisha mahali mbu anapozaa. Na kila jioni tangu mwezi wa tatu nimemkalisha yule mtoto palepale, katikati ya visahani, saa zile zile mbu huyo anazopenda kuuma, nikimpa chai na kumsifu mwandiko.

Bahiya akaketi kwenye ngazi. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Alikuwa anapenda sana kukaa hapa."

Nilichukua vyungu nikavipasua ukutani kimoja kimoja. Revelian akatoka, akanitazama, akarudi ndani kuchukua fagio.

Jumapili, 21 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilikwenda hospitali kumwambia Nasser. Nilimweleza yote, visahani, tangi, saa za jioni. Nikasema hakuna ajuaye ni mbu yupi aliyemuuma, wa kwake au wa kwangu, lakini wangu walikuwa karibu naye zaidi.

Alinisikiliza akitazama sakafu. Kisha akainua macho, na sijawahi kutazamwa vile.

"Mie ulinisimamisha mbele ya mtaa mzima," akasema. "Ukanivua nguo mbele ya watoto wangu. Wewe ya kwako umekuja kuninong'oneza kwenye korido."

Nilitoka nikiwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa na haki.

Jumanne, 23 Aprili

Chembe zimeanza kupanda. Amekunywa uji.

Ijumaa, 26 Aprili

Ametoka. Nimemwona kwa mbali akishushwa kwenye bajaji, mwembamba kama kijiti. Sikusogea.

Jumapili, 5 Mei

Ferdinand ameitisha mkutano mwingine, wa kupitisha sumu ya pili. Niliomba kuzungumza kwanza. Akaninyima. Nikasimama hivyo hivyo.

"Mwezi wa tatu hapa hapa nilimwambia Bwana Nasser akaangalie matairi yake," nikasema. "Mimi sikuangalia ya kwangu. Nyumbani kwangu kumekutwa mbu wa dengue kwenye visahani kumi na kimoja na kwenye tangi. Salsabil alikuwa akikaa hapo kila jioni. Bwana Nasser, nilikuaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu hawa nakuomba radhi."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengi. "Mwalimu wa mbu!" Ferdinand akadaka hapo hapo. "Mmesikia? Huyu ndiye aliyetukataza dawa. Sasa wanaokubali—"

"Mie sikubali."

Alikuwa Nasser. Hakunitazama. "Mlimwaga mara ya kwanza, nami niliinua mkono, wa kwanza kabisa. Mbu wamepungua? Wameongezeka. Na binti yangu kaugua vile vile. Matairi yangu nayatoboa yote kesho, anayetaka kutazama aje. Kila mmoja aende akaangalie kwake kabla ya kunyoosha mkono tena."

Ferdinand akasema kura lazima ipigwe. Rukaiya, wa beseni, akapaza sauti, "Kwako umeangalia, mwenyekiti? Lile pipa la bafuni kwako lina mfuniko?" Wale wale walionicheka mie wakamcheka yeye. Akasema suala hilo limeahirishwa. Limeahirishwa, hakusema limekufa. Namjua.

Ningependa kuandika kwamba nimetulia. Sijatulia. Perege wamekufa, vyura wamekufa, na hakuna kura ya kuwafufua.

Jumatatu, 20 Mei

Salsabil amerudi darasani. Nilimwambia anaweza kuendelea na daftari kidogo kidogo, nitamwongezea muda.

"Hapana, madam," akasema. Heshima ile ile, sauti ile ile. "Mlipokuwa mnagombana wewe na baba, nani kati yenu alikwenda kusimama pale kuwazuia wasimwage dawa? Mimi ndiye nilikuwa naenda dimbwini kila siku. Sitaki tena kuhesabu waliokufa."

Akakaa mahali pake. Nikaendelea kufundisha. Sijui nilifundisha nini.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua zinakatika. Kereng'ende mmoja mwekundu, juu ya bua la mkangaga. Ametoka mbali, ana mabawa. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 1 Juni

Nimegundua kwamba ule mtaro unaotoka gereji bado unaleta oili dimbwini kila wakiosha magari. Hakuna atakayerudi kuishi hapo oili ikiendelea kuingia. Nimenunua viroba vitupu, asubuhi nikaanza kuvijaza mchanga ili niuzibe mtaro huo na kuugeuzia kwenye shimo la taka la gereji yenyewe. Vijana wa gereji wakawa wananitazama na kucheka. Kiroba cha kwanza nilikiburuta. Cha pili hakikuinuka.

Nikasikia viatu. Nasser alikuwa amesimama ukingoni, kanzu amevua, yuko na fulana na msuli.

"Oili hii inatoka kwa wateja wangu," akasema. "Nimeshazungumza nao. Hawasikii."

Niliendelea kuvuta.

"Mwalimu, sijakusamehe."

"Wala mie sijakusamehe," nikasema. "Uliinua mkono wa kwanza."

Akatazama maji, yale ya kijani. Kisha akapiga msuli fundo, akashuka matopeni, akainama kwenye ncha ya kiroba.

"Basi shika upande huo."

Nikashika.